Merlin Bird ID na ndege wahamaji wa Afrika Mashariki: inasaidia wapi, inakosea wapi

Merlin Bird ID ni programu ya simu ya kutambua ndege, inayotengenezwa na Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ilitoka mwaka 2014, na kipengele cha kutambua ndege kwa sauti kikaongezwa 2021. Inapatikana kwa Android na iPhone, ni ya bure na haina matangazo. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kumtambua ndege wa msimu anayeonekana Kenya, Tanzania au Uganda kwa miezi kadhaa kisha akatoweka.

Kwa kazi hiyo Merlin ni chombo kizuri, na yeyote anayeanza kuangalia ndege anapaswa kuwa nayo. Ila sehemu inayosifiwa kuliko zote, yaani sauti, ndiyo dhaifu zaidi kwa wahamaji wetu, na sehemu ambayo wengi hawaifungui, yaani kalenda, ndiyo yenye thamani kubwa.

Kuipakia

Programu yenyewe ni ndogo, lakini haifanyi kazi ya maana mpaka upakue pakiti ya eneo lako. Pakiti ina picha, sauti na ramani, na inakula mamia ya megabaiti, kwa hiyo ipakue kwa Wi-Fi ukiwa bado mjini na hakikisha simu ina nafasi. Ukishaipakua, programu inafanya kazi bila mtandao, jambo la lazima kwa anayekwenda Tsavo, Rufiji au mahali popote ambapo minara ya simu ni ya kuhesabu. Anayefika porini bila pakiti amebeba programu tupu.

Ruhusu programu itumie mahali ulipo, kisha hakiki tarehe ya simu. Simu yenye mwaka au mwezi usio sahihi itakupa majibu ya msimu mwingine, na hakuna onyo litakalojitokeza kwenye kioo.

Kalenda ndiyo moyo wake

Nyuma ya Merlin kuna eBird, hifadhidata ya taarifa za waangalizi wa ndege iliyoanzishwa 2002. Kutoka humo Merlin hujenga orodha ya ndege wanaotarajiwa mahali fulani kwa tarehe fulani, ikianzia na wanaoonekana zaidi. Kila ndege ana mchoro wa milia unaoonyesha mwaka mzima kwa vipande: mlia mnene maana yake anaripotiwa mara nyingi kipindi hicho, mwembamba maana yake ni nadra, na pasipo na mlia hajaripotiwa. Mkazi wa kudumu ana mlia usiokatika. Mhamaji ana mlia uliokatwa katikati ya mwaka, au pande zote mbili.

Mtu wa pwani ataelewa michoro hiyo haraka akiisoma kwa pepo. Kundi la kwanza na kubwa ni la kaskazi: ndege wanaozaliana Ulaya na Asia, wanaoanza kutufikia Agosti na Septemba, wakajaa Novemba, wakaondoka Machi na Aprili. Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica), keremkerem wa Ulaya (Merops apiaster), tai wa nyika (Aquila nipalensis) na vitwitwi wengi wa ufukweni wamo humu. Kundi la pili ni la kusi, nalo husahaulika: kulasitara wa Madagaska (Ardeola idae) huja bara kati ya Mei na Oktoba, na pita wa Afrika (Pitta angolensis) hukaa kwenye misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke na Gede kwa kipindi kinachokaribiana na hicho. Kundi la tatu huzunguka ndani ya Afrika yenyewe kufuata mvua, moto wa nyika na wadudu.

Keremkerem wekundu wanaonyesha vizuri jinsi kalenda inavyosaidia. Merops nubicus, mwenye koo la buluu-kijani, hutoka kaskazini na kukaa pwani ya Kenya wakati wa kaskazi. Merops nubicoides, ambaye koo lake ni jekundu kama mwili, huzaliana kusini mwa Afrika, kisha hupanda hadi Tanzania wakati wa kusi. Ukimwona keremkerem mwekundu kwa mbali na koo halionekani, mwezi peke yake umeshakusogeza karibu sana na jina.

Namna bora ya kuitumia kalenda ni kabla ya kutoka. Fungua orodha ya ndege wa eneo, weka mahali unapokwenda, weka tarehe ya siku hiyo, panga kwa uwezekano, usome majina 40 ya juu. Kisha badilisha tarehe: weka katikati ya Julai, halafu katikati ya Novemba, uangalie nani ameingia na nani ametoka. Majina yanayobadilika kati ya orodha hizo mbili ndiyo wahamaji wako. Anayefanya hivi jioni kabla ya safari atatambua ndege wengi zaidi kuliko anayetegemea kuipiga picha kila kitu kinachoruka.

Kalenda hii ina mapengo mawili. Kwanza, imejengwa na taarifa za watu, na watu huenda kunakofikika. Kando ya Nairobi, Arusha, Entebbe na pwani ya Kenya taarifa ni nyingi na milia inaaminika. Maeneo yasiyotembelewa na waangalizi yana orodha nyembamba, na ndege kukosekana kwenye orodha hakumaanishi hayupo. Pili, si kila mhamaji huondoka. Vitwitwi, sululu na ndege wa Mida Creek, hori la pwani ya Kenya, kama mla-kaa mweupe na mweusi (Dromas ardeola) huacha vijana wao nyuma: ndege wa mwaka wa kwanza ambaye hajafikia kuzaliana mara nyingi hubaki pwani mwezi Juni na Julai. Merlin inaweza kumweka chini kabisa kwenye orodha. Usimfute kwa sababu hiyo.

Maswali matano

Ukimwona ndege bila kupata picha, Merlin inauliza mahali, tarehe, ukubwa, rangi kuu na alichokuwa akifanya. Mahali na tarehe havina shida. Ukubwa unapimwa kwa ndege wa mfano: shomoro, robin, kunguru na bata bukini. Robin anayekusudiwa ni wa Marekani, ambaye hayupo huku; mchukulie kuwa na urefu wa hua wa mjini. Ukisita kati ya saizi mbili, chagua ile ya katikati yake.

Rangi ndiyo inayoharibu majibu. Unaruhusiwa kuchagua hadi tatu, na wengi huchagua zote tatu, pamoja na ile waliyoiona sekunde moja kwenye ubawa. Chagua rangi zilizofunika eneo kubwa la mwili tu. Kwa ndege wa udongo-udongo, kahawia na nyeupe zinatosha. Rangi ya miguu na mdomo usiiweke hapa. Itunze akilini kwa hatua ya kulinganisha, maana huko ndiko inakofanya kazi.

Picha

Utambuzi wa picha ni mzuri kuliko unavyotarajiwa, hata kwa picha iliyopigwa na simu kutoka kwenye kioo cha kamera. Utaratibu wake ni huu: chagua picha, ivute mpaka ndege ajaze kisanduku, thibitisha tarehe na mahali, subiri majina.

Kwenye kuthibitisha ndipo watu wanapoteleza. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupoteza taarifa ya mahali ilipopigwa. Ukiikubali tarehe ya leo na mahali ulipo sasa kwa picha ya Januari iliyotoka Naivasha, unaiambia programu ichague miongoni mwa ndege wasiohusika. Saa ya kamera nayo ikague. Kamera nyingi zina mwaka usio sahihi tangu betri ilipotolewa.

Udhaifu wa picha unatokana na mavazi. Wageni wa kaskazi wengi hukaa kwetu wakiwa na manyoya ya mapumziko, si ya kuzaliana, huku picha za mwanzo kwenye ukurasa wa ndege mara nyingi zikiwa za dume aliyevaa vizuri. Mfano ni kitwitwi mdomo-pinde (Calidris ferruginea). Picha ya kuvutia ni ya ndege mwekundu kama tofali. Anayesimama kwenye tope la mdomo wa mto Sabaki, pwani ya Kenya, mwezi Novemba ni wa kijivu juu na mweupe chini, na anayetaka kumlinganisha na ile picha nyekundu atamkataa. Telezesha picha zote mpaka ufike za ndege asiye kwenye msimu wa kuzaliana na za kijana. Ukimwona na mabaka mekundu Agosti, huyo ni mtu mzima aliyefika karibuni na anavua vazi. Aprili mabaka yanarudi kabla ya safari.

Picha ya ndege aliyepigwa jua nyuma yake haifai. Programu itataja jina hata hivyo, kwa sababu imeundwa itaje jina.

Jozi ambazo lazima uzihakiki mwenyewe

Jina linalotolewa na Merlin lichukue kama dai, kisha tafuta alama moja au mbili za kulithibitisha. Jozi hizi ndizo zinazotatiza zaidi huku kwetu.

Kambu. Mkazi wetu, Coracias caudatus, ana kidari cha zambarau na manyoya mawili marefu pembeni mwa mkia. Mgeni, Coracias garrulus, ana kichwa na tumbo vya buluu nyepesi, mgongo wa kahawia, na mkia usio na nyuzi. Shida ni kwamba kijana wa mkazi hana nyuzi pia, na nyuzi za mtu mzima hukatika. Kwa hiyo usiuangalie mkia kwanza, angalia kidari. Zambarau ikiwepo, ni mkazi. Machi na Aprili kambu wa Ulaya hupita kwa wingi kuelekea kaskazini, na ndipo makosa huongezeka.

Mbayuwayu. H. rustica ana mkanda mweusi kamili kati ya koo jekundu na tumbo jeupe. Magharibi mwa Kenya na Uganda kuna H. angolensis: wekundu wake unashuka hadi kifuani, mkanda ni mwembamba au umekatika, na tumbo ni la kijivu-kahawia. Vitabu husisitiza mkia mrefu wa H. rustica, ila mbayuwayu hubadilisha manyoya wakiwa Afrika, na kati ya Oktoba na Februari wengi hawana mkia wa kuonyesha. Tumbo ndilo la kutegemea.

Tai. Tai wa nyika hufanana na tai wa kahawia mkazi (Aquila rapax), na picha ya mbali humpa Merlin kazi isiyowezekana. Ukimpata ametua, fuata pembe ya mdomo, ule mstari wa manjano unaoingia shavuni. Kwa mkazi unaishia chini ya katikati ya jicho. Kwa mgeni unafika ukingo wa nyuma wa jicho, na humpa sura ya kama anatabasamu. Akiruka na ana ufito mpana mweupe uliopita katikati chini ya bawa, huyo ni tai wa nyika kijana.

Ndege wadogo wa nyasi fupi wa jenasi Oenanthe. Watatu hukutana kwenye nyanda kati ya Oktoba na Machi. O. pileata ni mkazi, ana mkanda mweusi kifuani, lakini kijana wake hana mkanda kamili na ndiye anayebandikwa jina la mgeni. O. isabellina ni wa rangi ya mchanga, husimama wima sana, na ncha ya mkia ina mweusi mpana uliokula karibu nusu ya mkia. O. oenanthe ana weupe mwingi zaidi kwenye mkia, na weusi wake umechora herufi T iliyopinduliwa. Vumilia hadi aruke. Bila mkia uliofunguka, kwa mwangalizi na kwa programu, jibu ni la kubahatisha.

Kulasitara. Kati ya Mei na Oktoba, kila kulasitara mdogo wa kahawia kwenye bwawa anastahili kuangaliwa mara mbili, kwa kuwa A. idae yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka na rekodi zake zina thamani. Merlin huelekea kumtaja A. ralloides kwanza, kwa sababu ndiye wa kawaida. A. idae ana mdomo mnene zaidi, michirizi ya kifuani iliyo mipana na mieusi, na mgongo wa kahawia iliyokolea. Anaporuka, mabawa meupe na mgongo mweusi-mweusi hutofautiana vikali. Piga picha ya kifua na mdomo kwa karibu kadiri inavyowezekana, na picha moja akiruka.

Kozi wa Amur (Falco amurensis) hupita Novemba na Desemba akitoka Asia ya Mashariki kwenda kusini mwa Afrika, mara nyingi mbele ya mawingu ya mvua, akiwa katika makundi. Dume ni wa kijivu cha moshi, na chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeupe kabisa. Hiyo alama huonekana hata kwa mbali, kwa hiyo picha mbovu hapa bado ina matumaini.

Phylloscopus trochilus, kile kidege cha kijani-manjano kinachohangaika kwenye migunga kuanzia Septemba, ni miongoni mwa wageni wengi kuliko wote, na Merlin humtambua vyema. Hakiki miguu: yake ni ya rangi nyepesi. Ikipendekezwa P. collybita, anayefanana naye, na miguu si myeusi, ikatae.

Sauti

Hapa matarajio yapunguzwe. Utambuzi wa sauti hugeuza sauti kuwa mchoro na kuutafuta miongoni mwa michoro iliyofundishwa, na mafunzo yake yamekamilika zaidi kwa ndege wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Mtu angedhani hilo ni faida kwetu, kwa kuwa wahamaji wanatoka Ulaya. Tatizo ni kwamba ndege wengi huimba wakiwa kwao, wakitafuta mwenzi na kulinda eneo. Kwetu hutoa milio mifupi ya kuitana au hukaa kimya. Kekeo wa Ulaya (Cuculus canorus), ambaye Ulaya kila mtoto anamjua kwa sauti, huku hupita bila kulia. Wakati huohuo ndugu yake wa Afrika, Cuculus gularis, analia. Ukisikia kekeo na simu ikataja canorus, uwe na shaka kubwa.

Kisha kuna waigaji. Cossypha natalensis, mkazi wa vichaka na misitu ya pwani, huiga milio ya ndege wengine kwa ufundi mkubwa, na simu humtaja yule aliyeigwa. Miongoni mwa wageni wenyewe, Acrocephalus palustris huiga makumi ya ndege wa Ulaya na wa Afrika katika wimbo mmoja. Majina matano yakiwaka kwa nusu dakika kutoka kichaka kimoja, tafuta ndege mmoja.

Inapofanikiwa ni kwa wenye mlio usiobadilika: keremkerem wa Ulaya wakipita juu na ule mlio wao wa kubiringika, ambao husikika kabla hawajaonekana, P. trochilus na mlio wake wa silabi mbili unaopanda, na wimbo wake kamili unaoshuka, ambao huanza kuujaribu Machi kabla ya kuondoka. Na ndege wa maji wenye miito mikali. Rekodi kwa dakika moja au zaidi, elekeza upande wa chini wa simu kwa ndege, zuia upepo kwa mwili wako, usizungumze. Faili hubaki kwenye simu, na thamani yake ni hiyo: unaweza kumpa mjuzi aisikilize.

Majina na rekodi

Merlin hufuata mpangilio wa majina wa eBird, unaosahihishwa mara kwa mara. Anayetumia kitabu cha zamani pamoja nayo atakuta tofauti. Kitwitwi mchanga mdogo, aliyekuwa Charadrius mongolus kwenye vitabu, sasa amegawanywa kuwa spishi mbili, na kumtenganisha na aliyekuwa C. leschenaultii kwenye vitabu hivyo, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, bado ni kazi ngumu ufukweni. Ukikutana na jina jipya, fungua ukurasa wa ndege, soma jina la kisayansi, kisha tazama ramani ya mahali anapokaa.

Kitabu cha michoro bado kinahitajika, maana huweka jozi zinazofanana kwenye ukurasa mmoja, zikitazama upande mmoja, kwa mavazi yote. Merlin hukuonyesha ndege mmoja mmoja. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 42) nayo haina mbadala: pembe ya mdomo wa tai, miguu ya kidege cha migungani na kidari cha kambu haviwezi kuonekana kwa kamera ya simu.

Unapohifadhi ndege kwenye orodha yako ndani ya programu, kumbuka kwamba hiyo ni orodha yako binafsi. Ili rekodi iingie kwenye milia ya kalenda, itume kupitia eBird ukiwa na hesabu, muda uliotumia na umbali uliotembea. Kwa ndege adimu, andika alama ulizoziona na uambatanishe picha. Maneno "Merlin imesema" hayamsaidii mhakiki wa eBird. Na kwa maeneo yenye orodha nyembamba, hata rekodi ya mbayuwayu watatu wa mwisho wa Aprili inajaza kipande kilichokuwa kitupu.